Mzazi asiitwe shuleni kwa mabaya tu

Ndugu Mhariri,

Matokeo ya mitihani yakiwa mabaya, lawama hazichelewi. Walimu husema wazazi wamewatelekezea watoto. Wazazi nao husema walimu hawafundishi. Barua za namna hiyo nimezisoma mara nyingi katika ukurasa huu, na sikatai kwamba kila upande una haki yake. Lakini sijaona anayeuliza mzazi hupata habari za shule wakati gani, na akizipata huwa zinasema nini.

Huzipata kukiwa na mchango, au mtoto akipigana, akivunja kioo, akitoroka. Nimewahi kuwa mjumbe wa kamati ya shule, na barua nyingi zilizopelekwa nyumbani zingeweza kufupishwa kwa neno moja: "lipa" au "njoo". Ndiyo maana mzazi akiona namba ya shule kwenye simu yake hushtuka, na neno la kwanza kumtoka ni, "Amefanya nini tena?" Mtu aliyezoea kuitwa hivyo akikwepa mkutano, sioni ajabu.

Na mkutano wenyewe tunaujua. Meza kuu, hotuba ya mwenyekiti, hotuba ya mgeni, taarifa ya fedha, kisha matokeo yanasomwa kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, mbele ya watu wote. Ukifika wakati wa maswali, yanaruhusiwa mawili tu kwa sababu muda umekwisha. Mzazi anaondoka akiujua wastani wa shule nzima, ila hajui kwamba mwanawe amekwama kwenye hesabu za sehemu, kama nusu na robo, na kwamba akisaidiwa hapo mapema, hesabu za muhula mzima zitamfungukia. Mwalimu wa darasa, anayelijua hilo fika, alikuwa amesimama nyuma akipanga viti.

Wapo waliolifanyia utafiti jambo hili. Mwaka 2015, Matthew Kraft na Todd Rogers walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye masomo ya likizo ya wanafunzi wa sekondari waliokuwa wamefeli na kutakiwa kurudia. Mara moja kwa wiki, wazazi wa baadhi yao walipelekewa ujumbe wa sentensi moja kutoka kwa mwalimu, unaomhusu mtoto wao tu. Wazazi wengine hawakupelekewa. Idadi ya waliomaliza bila kufaulu somo ilipungua kwa asilimia 41 katika kundi lililopata ujumbe, hasa kwa sababu wachache zaidi waliacha masomo njiani. Hapakuwa na mkutano wala mgeni rasmi.

Kuna jambo la ziada katika jaribio hilo ambalo mimi lilinivutia kuliko hiyo asilimia. Baadhi ya ujumbe ulisifia kile mwanafunzi anachofanya vizuri, mwingine ukaeleza anachotakiwa kurekebisha. Huu wa pili ndio uliofanya kazi zaidi. Tumezoea kuambiwa kwamba mzazi anataka kusikia mazuri ya mwanawe, na ni kweli anataka, nani asiyetaka? Lakini "mwanao ni mtoto mzuri" hakumpi mzazi pa kuanzia. "Wiki hii hakuleta kazi mbili za sayansi" kunampa mazungumzo ya jioni hiyo hiyo. Na tofauti yake na ule wito wa kioo kilichovunjika ni kwamba habari imefika mapema, kabla jambo halijawa kesi.

Kuna wazazi watakaosema: mimi sikusoma sana, nitamsaidiaje? Nancy Hill na Diana Tyson walipitia tafiti 50 na kuchapisha walichokiona mwaka 2009, kuhusu watoto wanaoingia umri wa balehe. Kumsaidia mtoto kazi ya nyumbani hakukuwa na matokeo ya kutegemewa. Kilichoonyesha nguvu zaidi ni mzazi kumweleza mtoto anatarajia nini kwake, kuzungumza naye kuhusu faida ya masomo na mipango yake ya baadaye. Hayo hayahitaji mzazi ajue aljebra. Yanahitaji ajue mtoto yuko wapi kimasomo, na habari hiyo iko shuleni. Kwa hiyo ninaona shule inawakosea wazazi wa namna hii mara mbili: inawanyima habari, kisha inawaita wasiojali.

Sitaki kuwasafisha wazazi wenzangu. Kuna wanaokwenda kumfokea mwalimu mbele ya mtoto, na vikundi vya WhatsApp vya wazazi vimegeuka mahali pa kumsema mwalimu usiku kucha bila yeye kuwepo kujitetea. Mwalimu aliyetukanwa Jumatatu hatatuma ujumbe wa kirafiki Ijumaa.

Hapo ndipo ninapowakumbuka watu wa Sacramento, California. Mwaka 1998 wazazi na walimu wa huko, waliokuwa wameshachoka kutupiana lawama, walianzisha utaratibu wa walimu kuwatembelea wanafunzi nyumbani. Walijiwekea masharti ya busara. Ziara ni ya hiari kwa mwalimu na kwa familia, walimu huenda wawili wawili na hulipwa kwa muda wao, na hawachagui watoto watundu peke yao. Mazungumzo ya kwanza hayahusu alama wala makosa. Mwalimu huuliza familia ina matumaini gani kwa mtoto. Wapo wanaoona haya kukaribisha mgeni nyumbani, na hilo ni la kuheshimiwa. Watu wanaweza kukutana mahali pengine. Mwalimu akishakusikia ukieleza unachomtakia mwanao, siku akikupigia kuhusu utoro hamtaanza kwa kugombana.

Walimu wataniuliza muda watautoa wapi, na madarasa yamejaa. Nakubali kabisa. Mzigo huu haufai kuongezwa juu ya mwingine. Uongozi wa shule upunguze kwanza fomu na taarifa ambazo walimu hujaza na hazisomwi na mtu, kisha saa hizo ziingizwe kwenye ratiba kama kipindi kingine chochote. Darasa likiwa kubwa, si lazima kila mzazi apate ujumbe kila wiki. Waanze na watoto walioanza kulegea, wakibadilishana na wengine, ili asiwepo mzazi anayemaliza muhula bila kusikia neno moja linalomhusu mwanawe.

Kwa kamati za shule nina ombi moja linaloweza kutekelezwa katika mkutano ujao bila kusubiri bajeti. Hotuba zote zipewe nusu saa. Usomaji wa nafasi mbele ya umati ufutwe. Muda unaobaki, wazazi waende madarasani, kila mmoja akae na mwalimu wa darasa, daftari la mtoto likiwa wazi mezani, na mzazi ndiye aulize kwanza. Watakaokosa nafasi siku hiyo wapangiwe siku nyingine, ikiwezekana jioni, kwa sababu wengi wetu asubuhi tuko kazini.

Mzazi na mjumbe wa zamani wa kamati ya shule