Kabla hujanunua hita ya maji

Tabata, Dar es Salaam

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na pole na ujenzi. Nimefurahi mno kusikia mama anahamia kwako Kigamboni. Umeniuliza uchukue hita gani, ya papo kwa papo au ya tangi la lita 50. Kwanza niambie, maji yako yakoje? Kama ni ya kisima na yana chumvi, anzia hapo, bei za Kariakoo zije baadaye.

Juzi fundi alifungua hita ya jirani yangu anayetumia kisima. Koili ya kupashia maji ilikuwa imevaa magamba meupe magumu, yakigongwa yanadondoka vipande vipande. Mle ndani kuna fimbo ya magnesiamu ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Ilikuwa imebaki waya mtupu. Maji ya chumvi huimaliza upesi, na ikishaisha kutu huhamia kwenye tangi lenyewe. Hata tangi la chuma kisichoshika kutu usiliamini sana, chumvi kwenye maji ya moto hulitoboa vilevile.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeweka simtanki mbili: ya kisima kwa choo na kufulia, na ndogo ya maji baridi yasiyo na chumvi kwa ajili ya hita na jikoni, kama bomba la DAWASA limekufikia, au hata maji ya mvua.

Mama mchukulie ya tangi. Ile ya papo kwa papo huvuta kilowati 3.5 hadi 5.5 kwa mpigo, inataka waya mnene wa peke yake kutoka kwenye breka, na presha ikiwa ndogo haiwaki kabisa. Simtanki yako umesema iko juu kidogo tu ya bafu, na ili upate presha ya baa moja (baa ni kipimo cha presha) unahitaji kimo cha mita 10 hivi. Ya tangi haina shida hiyo. Kupasha lita 50 kwa joto la maji yetu ya huku mpaka nyuzi 60 ni kama yuniti mbili za LUKU.

Hizo nyuzi 60 usizishushe kwa kubana umeme. Maji ya vuguvugu yakikaa kwenye tangi huzaa bakteria wa legionela, wanaoshambulia mapafu, na wazee ndio huumia zaidi. Ila nyuzi 60 zinaunguza ngozi ya mama, kwa hiyo weka koki ya kuchanganya na maji baridi.

Waya wa eathi na breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30, hivyo viwili usikubali kuambiwa vitafungwa baadaye. Mtu analowa maji akiwa peku, Zuhura! Valvu ya usalama nayo itadondosha matone maji yakipata moto, kwa sababu yanatanuka. Fundi akitaka kuiziba, mkatalie kabisa. Kila mwaka hita ifunguliwe, koili isafishwe, fimbo itazamwe. Ukilazimika kutumia ya kisima, iwe kila miezi sita.

Paipu za maji ya moto ziwe za PPR, plastiki inayovumilia moto, za PVC hulegea. Wasipige lipu kabla hujanitumia picha za ukuta wa bafu, nizitazame na fundi wangu.

Mwambie mama shikamoo.

Wako,
Mwajuma