Mayi Yeo Yana Wazimu

Mkomani, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi, ila goti la bibi yako limeanza tena kumsumbua, na paka wako amezalia ndani ya tanga langu jipya. Nimemwachia.

Ujumbe wako wa juzi niliusoma mara mbili nikiwa gatini, nikaona haufai kujibiwa kwa kidole gumba. Umesema wenzako bwenini walikuwa wakitafuta kwenye intaneti, kila mmoja na siku aliyozaliwa, dunia ilikuwa na habari gani. Wewe ukaandika 27 Desemba 2004 kama ilivyo kwenye kitambulisho, ukaletewa nyota: masalio ya nyota, mbali huko, yaliyotoa mwako mmoja wa chini ya sekunde wenye nguvu kuliko ya jua letu kwa miaka 100,000. Ukauliza kama tuliuona. Halafu chini kabisa: "Kwani mimi nilizaliwa siku moja baada ya tsunami?"

Nianze na nyota, ndiyo rahisi. Hatukuuona, na hakuna aliyeuona kwa macho, ni vyombo vya angani vilivyoupokea. Lakini nilipiga hesabu kidogo. Ulifika duniani Jumatatu tarehe 27 kwa saa za London, saa tatu na nusu usiku. Sisi huku ilikuwa saa sita na nusu ya usiku, kalenda imeshaingia 28. Na kwa bibi yako, ambaye siku kwake huanza maghrib jua likizama, ule ulikuwa usiku wa Jumanne tangu zamani. Ukihesabu kwa lolote kati ya haya, nyota si yako. Nisamehe kukunyang'anya.

Sasa lile la pili. Hukuzaliwa tarehe 27. Ulizaliwa Jumapili, tarehe 26, baada ya isha, saa mbili na robo. Tulipokwenda kukuandikisha, karani alimwuliza bibi yako mtoto kazaliwa lini, naye akajibu sawasawa kama ajibuvyo mtu wa hapa: "Usiku wa Jumatatu." Karani alikuwa kijana wa bara, mpole kabisa. Akafunua kalenda, akaona Jumatatu ni 27, akaandika. Mimi nilisimama pale pale nikitazama nje kama mashua yangu ipo salama. Nilikuja kugundua nyumbani, na niliposikia kurekebisha kuna hati ya kiapo, ada, na njoo kesho, nikaacha. Miaka ikapita. Mama yako hakukwambia kwa sababu mimi niliahidi kukwambia.

Kwa hivyo ile siku kubwa, ambayo dunia nzima inaikumbuka, ndiyo yako. Nikueleze ilivyokuwa kwetu.

Ilikuwa katikati ya Mfunguo Pili, mwaka 1425, mwezi mpevu, maji ya bamvua. Kaskazi inavuma vizuri. Mama yako alishikwa na uchungu asubuhi, na bibi yako akanituma Shela nikamlete mkunga, kwa sababu bibi yule hapandi punda wala hatembei mchangani. Wakati huo mashua yangu haikuwa na injini, ni tanga na upondo tu. Maji yalikuwa yamekauka kiasi cha saa nne, na nilipotoka Shela na mkunga baada ya adhuhuri yalikuwa yameanza kujaa. Unazijua saa za bamvua, hazidanganyi: yakianza kujaa, yatajaa mpaka saa kumi.

Bibi mkunga aliketi katikati, mwavuli mkononi, kifuko chake cha wembe na uzi kakipakata. Tuko nusu ya njia, mashua ikasita. Nikadhani tumegusa fungu. Nikatia upondo, ukafika ndani magoti tu, na punde si punde haukufika popote, matope matupu. Maji yametoka chini yetu, mwanangu, kama mtu aliyevuta busati. Mashua ikalala ubavu, mwavuli wa mkunga ukaenda upande. Palikuwa na chewa mmoja mdogo kando ya usukani anatapatapa kwenye tope, na mimi namtazama yeye, kwa sababu kumtazama mkunga sikuweza.

Akasema, "Nahodha gani wewe, wapwelewa mayi yakiyaa?"

Sikuwa na jibu. Tangu nizaliwe sijaona mtu akipwelewa maji yakijaa. Ni kama kuambiwa umelowa kwa jua. Tukakaa pale, labda dakika kumi, kisha maji yakarudi, si kwa wimbi la kupiga, ila kwa mbio, ya kahawia, yanazunguka, yakatunyanyua na kutupeleka nisikotaka. Nikashika upondo kwa nguvu zote. Halafu yakatoka tena. Mara tatu! Mara ya tatu mkunga akaacha kunilaumu, akaanza kusoma Ayatul Kursi, na alipomaliza akasema taratibu, "Mayi yeo yana wazimu." Ndilo neno la kwanza la habari za dunia nililolisikia siku ile, nalo halikutoka redioni.

Tulifika alasiri. Gatini wachukuzi wa mchanga walikuwa wamewaondoa punda ngazi za chini, kila mtu anasema lake. Lakini mkunga aliposhuka aliwaambia wote, kwa sauti, kuwa mimi nimempweleza. Nikaenda nyumbani nimeinamisha kichwa.

Habari yenyewe tuliipata usiku. Wewe umeshazaliwa, umeshaadhiniwa, mimi nimeketi barazani kwa jirani, redio iko dirishani. Wakasema tetemeko, Sumatra, mawimbi, Sri Lanka, India, Thailand. Wakaitaja Somalia. Nami, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililohisi ni furaha: kumbe si mimi! Nikainuka ili nikamwambie mkunga, naye yuko ndani anamkanda mama yako. Kisha msomaji akataja idadi ya waliokufa, nikaketi. Kesho yake idadi ikapanda, na kesho kutwa ikapanda tena. Mwishowe walihesabiwa karibu watu 230,000.

Baadaye nilisoma kila nilichokipata. Saa tisa na dakika 58 za ule usiku, sisi tumelala, sakafu ya bahari magharibi ya Sumatra ilipasuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, tetemeko la 9.1. Wimbi likavuka bahari kwa mwendo wa ndege, karibu kilomita 6,000 mpaka kwetu, zaidi ya saa nane. Fikiria: saa nane, na hakuna aliyetupigia simu. Bahari ya Pasifiki ilikuwa na kituo cha tahadhari Hawaii tangu 1949. Ya Hindi haikuwa na chochote. Wa Hawaii walijua pametetemeka, ila wa kumwambia huku hawakuwa naye. Kilichotusaidia ni umbali, miamba, na kwamba lilitukuta maji ni machache. Kenya alikufa mtu mmoja. Tanzania wasiopungua kumi. Somalia kama 300, wengi upande wa Hafun, na wale ni watu wa bahari hii hii na kaskazi hii hii. Hapa Lamu kipimo cha maji kiliandika lile wimbi kwa mstari wake, kwa hiyo siku ukibishana na mtu, ushahidi upo, si babako peke yake.

Kuna jambo moja hunirudia sana. Karibu kabisa na lile tetemeko kipo kisiwa kiitwacho Simeulue, watu kama 78,000. Walikufa saba. Mwaka 1907 walipigwa na wimbi kama hilo, na tangu hapo wazee huwasimulia watoto na kuwaimbia: ardhi ikitikisika, bahari ikirudi nyuma, usiokote samaki, kimbilia mlimani. Wana na neno lake, smong. Wakalipiga kelele, wakapanda. Sisi tuna maneno ya maji kuliko watu wengi: bamvua, maji mafu, kujaa, kupwa, kupwelewa. La jambo lile hatukuwa nalo, ndiyo maana tunatumia la Wajapani. Mimi nilikuwa nimekaa ndani yake, natazama chewa.

Na wewe unayesomea ualimu, utapenda hii: pwani ya Mai Khao, Phuket, palikuwa na msichana wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith. Wiki mbili nyuma alikuwa amefundishwa darasani dalili za tsunami. Akaona maji yanatoa povu, akawashikilia wazazi wake mpaka wakasikia, na watu kama mia wakaondoka ufukweni.

Bibi yako aliikata gazetini picha ya msikiti wa Baiturrahman wa Banda Aceh, ule mweupe wenye kuba nyeusi, umesimama na mji wote umelala chini. Aliibandika jikoni juu ya mbuzi ya nazi. Moshi umeila, lakini ndiyo ile uliyokuwa ukidhani ni Maka.

Ulitaka na mengine ya dunia. Siku hiyo hiyo Ukraine walikuwa wakipiga kura ya urais kwa kurudia, akashinda Yushchenko, yule aliyetiwa sumu uso ukamharibika. Wangari Maathai alikuwa amepokea Nobel yake Oslo siku 16 kabla. Na angani, chombo kiitwacho Huygens kilikuwa kimeachiwa jana yake na mwenzake Cassini, kinaelea kuelekea Titan, mwezi wa Zohali. Kilitua tarehe 14 Januari, mama yako bado hajatoka arobaini. Hicho nakupa badala ya nyota.

Na kitu kimoja zaidi, maana najua unapenda vidogo. Mtaalamu wa NASA alikokotoa kuwa lile tetemeko liliifanya dunia izunguke kwa kasi kidogo zaidi, siku ikapungua sekunde 0.00000268. Siku yako mwenyewe imepunjwa, na zote zilizofuata.

Kitambulisho usikihangaikie. Ukitaka kurekebisha, nitakuja Mombasa tuape. Ukitaka kubaki na 27, baki nayo. Mama yako atakupigia simu tarehe 26 kama afanyavyo kila mwaka, ukidhani anakosea.

Mkunga tulimzika ulipokuwa darasa la pili. Nilimweleza habari za Sumatra mara nyingi, nikamchorea hata ramani kwa mkaa barazani. Alisikiliza yote kwa adabu. Lakini mpaka mwaka wake wa mwisho, kila nikimkuta pale Shela anangoja chombo, alikuwa akiufunga mwavuli, akitazama chini ya mashua yangu, na kuniuliza mbele za abiria: "Nahodha, yeo mayi yapo?"

Wasalaam,
Babako