Maji ya kijani Kisumu, kuchemsha peke yake hakutoshi

Mhariri,

Huku Kisumu ziwa likigeuka kijani watu wanalaumu gugu maji tu, kumbe mara nyingi ni sayanobakteria, yaani bakteria wadogo wa kijani-buluu wanaoishi majini, na baadhi zinatoa sumu inaitwa maikrosistini, hiyo inashambulia ini na hata uchemshe maji mpaka sufuria iungue bado iko.

Macho hayaioni. Inataka ile mashine ya kromatografia ya kimiminika, yaani sampuli inasukumwa kwa presha kubwa ndani ya kabomba kamejaa unga laini ajabu, kila kemikali inatoka kwa dakika yake, halafu maikrosistini inajulikana kwa vile inafyonza mwanga wa nanomita 238, ule macho hayauoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema kwa maji ya kunywa ya kila siku isipite maikrogramu 1 kwa lita, yaani gramu moja ukiigawa mara milioni, hebu fikiria udogo huo!

Sasa shida yangu ni hii, wapimaji wanakuja na chupa zao, wanachota, wanaenda, majibu hatuyaoni. Si wayabandike tu pale ufuoni jamani, mama wa jerikeni asome kabla hajachota. Na iwe kwa Kijaluo pia.

Mkazi wa Kisumu