Zuhura, njooni na mvua hiihii

Wete, Pemba
Mwezi wa Mei

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na shemeji msalimie sana. Sisi wazima, ila katika mabegi yetu hamna hata nguo moja iliyokauka. Uliniomba nikuandikie barua yenye maelezo, si zile sauti za WhatsApp ninazorekodi huku natafuna. Basi leo nafasi ninayo. Mvua imeshuka tangu alasiri, Hamisi kalala fofofo, na mimi nimekaa barazani kwenye taa.

Swali lako nimelisoma, kama mje Pemba wakati huu wa masika au mngoje. Likizo zenu zinaangukia Aprili na Mei, na kila mtu anawaambia msithubutu, mngoje Julai. Mimi nasema njooni hivyohivyo. Lakini nikutajie mtakachokikosa, usije ukanigeuka baadaye.

Mtakosa bahari. Upepo wa kaskazi ukishaondoka na kusi kuingia, ndipo masika yanapomwagika huku, na Pemba inapata mvua nyingi kuliko Unguja. Tulikwenda Wesha, bandari ndogo ya Chake Chake, tukitaka kuvuka hadi Misali. Hicho ndicho kisiwa ambacho wavuvi wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika akaomba msala wa kuswalia. Walipokosa cha kumpa, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, maana kimeelekea kibla. Nahodha tuliyemkuta alitazama mawingu, akatazama mabegi yetu, akasema, "Leo siwapeleki. Na kesho msije." Habari zangu za Misali zimeishia hapo.

Boti nayo si ya kuchezea. Tuliondoka Unguja asubuhi, watu wanacheka na kugawana maandazi, mpaka tulipofika mkondo wa Nungwi. Pale mazungumzo yalikatika. Nusu ya watu walikuwa wanatapika, na waliobaki walikuwa wanaomba dua. Ni mkondo huohuo ambao MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikienda Pemba, na humo botini sidhani kama kuna Mpemba asiyemjua mtu aliyepotea usiku ule. Mama wa pembeni yangu alinishika mkono bila kuniuliza jina, akauachia tulipouona Mkoani. Meza dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, si baada.

Sasa nikuchekeshe. Mzungu akivaa begi kubwa mgongoni, kila mtu anajua huyo mtalii. Sisi wawili tuliposhuka Mkoani na yale mabegi ya mtumba, bwana mmoja bandarini akatuuliza, "Mnauza nini?" Hamisi akajibu hatuuzi kitu, tunatembea. "Mnatembea mnakwenda wapi?" Kuona kisiwa tu. "Kwa mvua hii?" Akatuonea huruma kwelikweli, akatutafutia gari la Chake na kumwagiza kondakta atuangalie. Tangu hapo tumeshadhaniwa watu wa chanjo, watu wa sensa na watu wa mradi. Kule Konde kuna mzee alitufuata mpaka kituoni kuuliza mabomba ya maji yataletwa lini.

Kuliko mwavuli, chukueni cheti cha ndoa. Sifanyi mzaha. Gesti ya Chake, kijana wa mapokezi alitukaribisha vizuri, akatupa taulo tujifute, kisha akasema kwa adabu, "Na cheti?" Bahati nzuri Hamisi alikuwa nacho picha kwenye simu. Yule kijana alikisoma chote. Alikikuza kwa vidole, akapita kwenye mahari, akafika kwa mashahidi, ndipo akatoa ufunguo. Hamisi alinuna, mimi sikuona ubaya. Watu wana taratibu zao, na mgeni ndiye anayezifuata.

Ukiniuliza mahali pa kwanza pa kuwapeleka, nitakwambia Pujini, kusini-mashariki mwa Chake. Tulikodi bajaji iliyozama kwenye tope ikabidi tushuke tusukume, mimi na kanga yangu nimeifunga kiunoni. Pale kuna mabaki ya ngome ya karne ya 15, ya kabla Mreno hajatia mguu huku. Usitegemee kuta kubwa. Ni matuta ya udongo, vipande vya ukuta wa mawe ya matumbawe vilivyomezwa na mizizi, na mfereji uliochimbwa ili vyombo viingie kutoka baharini. Bila mtu wa kukuelezea utapita ukidhani ni shamba lililotelekezwa.

Mlinzi alitueleza. Mwenye ngome aliitwa Mkame Ndume, na ukatili wake unasimuliwa mpaka leo: eti watu walibeba mawe ya kujengea huku wakijiburuza kwa makalio, ruhusa ya kusimama hawana. Halafu akatuonyesha kisima. Mkame Ndume alikuwa na wake wawili, na hakutaka waonane hata siku moja, kwa hiyo kisima kikagawanywa kwa ukuta. Mmoja alishuka kwa ngazi, mwenzake alivuta kwa ndoo na kamba. Hamisi akainama kupima ukuta kwa macho, kama fundi anayetaka kutoa bei. Nikamwambia, "Bwana, wewe bili ya maji ya mke mmoja inakutoa jasho." Mlinzi alicheka mpaka akaegemea mti.

Lakini nilipokuwa nimejibanza chini ya mwembe nikingoja mvua ipungue, sikumfikiria Mkame Ndume. Nilikuwa nawaza wale wanawake. Fikiria uko chini kwenye ngazi, unasikia ndoo ya mwenzio inagonga maji upande wa pili, unajua ni yeye, na hujawahi kumwona uso. Nilimuuliza mlinzi majina yao. Hakuyajua. Mawe ya kisima yamehifadhiwa, na jina la mwanamume limebaki.

Siku ambayo mvua haikukatika kabisa tulikwenda Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Wanavijaza kwenye mapipa makubwa, wanavipitishia mvuke, ule mvuke unapozwa kwenye mabomba, na mafuta yanajitenga na maji. Kuna joto humo ndani, Zuhura! Tuliuliza maswali mengi kuliko tuliyokuwa nayo, ili tu tusitolewe nje mapema. Shati la Hamisi linanukia karafuu mpaka leo, nami nimemkataza kulifua.

Na karafuu ziko kila upande. Barabara ya kutoka Chake kwenda Wete inapanda na kushuka vilimani katikati ya mikarafuu, na mabondeni wanawake wako kwenye mpunga, mvua inawapiga mgongoni na mazungumzo hayakatiki. Zamani Unguja ndiyo ilikuwa na karafuu nyingi, mpaka kimbunga cha mwaka 1872 kikaing'oa mikarafuu yake. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ikawa ya Wapemba. Msimu wa kuchuma utakuta majamvi yameanikwa kila uwanja, na hapo mvua ni adui, maana karafuu ikinyeshewa kabla haijakauka rangi inaharibika na bei inaanguka. Sasa hivi hakuna cha kuanika, kwa hiyo watu wanaipokea mvua kwa moyo mweupe.

Kidike usipofika, usinipigie simu. Unashuka njiani kati ya Chake na Wete, unatembea kwenye njia ya udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu. Humo wanaishi popo wa Pemba, wale wakubwa wanaokula matunda, ambao hawapo mahali pengine popote duniani. Bawa hadi bawa wanakaribia mita moja na nusu. Tuliwakuta mchana, mamia kwa mamia, wananing'inia kwenye miti mirefu, wamejitanda mabawa usoni kama kina mama waliojifunika kanga msibani. Kijana anayewalinda alitupa darubini yake. Nilimchagua mmoja aliyekuwa chini kidogo. Manyoya ya shingoni rangi ya machungwa, uso wa mbweha, masikio yanacheza. Alifungua bawa moja taratibu, tone la maji likateleza mpaka ukingoni, akalilamba, akalifunga tena. Nilisahau kwamba mimi huwa naogopa popo.

Kijana akatwambia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hawa walikuwa karibu kwisha. Misitu ilikatwa, na watu waliwawinda kwa bunduki kwa ajili ya kitoweo. Vijiji vikaanzisha vikundi vya kuwalinda, na sasa wameongezeka tena mpaka makumi ya maelfu kisiwa kizima. Hamisi, unamjua, akauliza kama nyama yake tamu. Kijana hakukasirika. "Babu yangu kala wengi," akasema. "Akipita hapa huwatazama wao, halafu hunitazama mimi."

Kaskazini kabisa tulitembea haraka kwa sababu ya radi. Msitu wa Ngezi ni kipande kilichobaki cha ule uliofunika sehemu kubwa ya kisiwa, una mivule mikubwa na mipapindi, mnazi fulani wa porini unaoota huku Pemba tu. Mvua ndani ya msitu ni jambo la ajabu: inaanza juu unaisikia, haikufikii mpaka baadaye, na ikishakatika nje wewe bado unanyeshewa na majani. Ras Kigomasha kuna mnara wa taa wa chuma uliojengwa mwaka 1900. Chuma, na radi inapasua mbingu! Aliyetupokea alikataa kupanda hata yeye, nasi hatukubishana naye. Ufukwe wa Vumawimbi tulikuwa peke yetu, mchanga mweupe mpaka macho yanachoka, si mtu, si mbwa. Wanaokuja Julai hawawezi kuniambia waliuona hivyo.

Tukirudi, mvua ilitushika pale Konde, tukakimbilia chini ya kibanda cha bibi mmoja aliyekuwa anachoma shelisheli. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akasogeza mkeka, akatuita wajukuu zake hata kabla ya kutuuliza tunatoka wapi. Shelisheli analiweka zima juu ya makaa, analigeuza mpaka ganda liwe jeusi tii, kisha analimenya kwa kisu kidogo, ndani linatoka jeupe na mvuke, anakatakata na kulimwagia tui zito lenye chumvi. Shoga, nilikula mpaka nikaona haya.

Akauliza kwetu wapi. Morogoro. Kwenu mnalima nini? Hamisi, badala ya kusema mpunga akanyamaza, akasema kwetu Matombo nako kuna karafuu. Kibanda kizima kilikaa kimya. Wazee wawili waliokuwa wanacheza bao wakasimamisha kete. Bibi akamtazama muda mrefu, akageuza shelisheli lake, akauliza taratibu, "Na hizo karafuu zenu, zinanukia?" Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Wete. Hela yetu alikataa kuipokea. Nikamwachia ile kanga yangu mpya, na hiyo akaipokea baada ya kuisoma maandishi yake kwanza.

Ndiyo maana nakwambia msingoje Julai, kama mnakuja kwa ajili ya Pemba na si kwa kuogelea. Jua lingewaka tungepita Konde kwenye gari tukiwahi ufukweni. Hamisi alikuja na ratiba kaiandika kwenye daftari, saa na dakika. Karatasi ile imelowa, nami sikuisikitikia. Pangeni jambo moja kwa siku, na muwe tayari lisiwe. Asubuhi huwa kuna uwazi, uutumie huo. Nguo tieni ndani ya kiroba cha unga kabla ya kuziweka begini, maana mifuko ya plastiki ni marufuku huku. Viatu, leteni vya plastiki, raba mziache nyumbani. Fedha taslimu mtoe Chake mkiwa hapo. Na nguo za heshima tafadhali, wote wawili. Mwambie shemeji kaptura zake zile abaki nazo huko.

Boti ya kurudi wanasema ni keshokutwa, kama bahari itakubali. Nikifika Dar nitakupigia, nikwambie bei ya tiketi ilivyo sasa. Halua ya hapa nimekununulia ile yenye karanga, na Hamisi hajui nimeificha wapi.

Na Jumamosi ni kikoba. Nitolee mchango wangu, nitakurudishia nikifika. Unamjua mwenyekiti, akisikia nilikuwa matembezini hatanionea huruma.

Wako,
Rehema