Dola 1,920 na mifuko minne ya unga: wito kwa ajili ya walimu wa kwaya, Lubumbashi

Ndugu wazazi, wazee wa makanisa, wanakwaya wa zamani na wa sasa, na ninyi mnaokaa viti vya mbele kila Jumapili mkisikiliza,

Juma la mwisho la mwezi wa saba, Jumatatu mpaka Jumamosi, tunataka kuwakutanisha watu 48 kutoka kwaya 24 kwa mafunzo ya kuongoza kwaya, katika ukumbi wa parokia kule Kamalondo. Kila kwaya inaleta mwalimu na msaidizi wake. Msaidizi hatukumweka kwa kujaza viti: mwalimu akipata kazi ya mgodi Kolwezi, anaondoka na ujuzi wote kichwani, na kwaya inarudi kuimba kwa kubahatisha.

Siku ya kwanza nzima itaishia kwenye swali moja: do ni nini? Waliosomeshwa solfeji ya Kifaransa, yaani kusoma noti kwa majina do, re, mi, wanajua do ni sauti moja tu, ile ya kibodi, wimbo uwe wowote. Waliokulia kwenye solfa ya herufi, d r m f s l t, ambayo John Curwen aliieneza Uingereza katika karne ya 19 na wamisionari wakaisambaza, wanajua do inahama pamoja na wimbo. Wimbo ukiwa katika fa, huyu anaimba “fa” na yule anaimba “do”, na wote wawili wako sawa. Taabu inaanza siku kwaya za Wakatoliki na Wametodisti zinapounganishwa kwa sherehe. Mwalimu anasema, “Alto, shikeni sol,” na nusu ya alto wanashika noti nyingine kabisa. Hapo watu hulaumiana kwamba fulani hana sikio. Hatutamlazimisha mtu kuacha njia yake; kila mmoja atafanya mazoezi ya kusoma ukurasa uleule kwa njia zote mbili mpaka asikwame.

Kisha diapazoni, kile kichuma chenye meno mawili kinachotoa noti iitwayo la, ya mitikisiko 440 kwa sekunde. Ni kidogo kuliko kijiko, nacho ndicho kitu tunachokitaka zaidi katika bajeti yote. Unakigonga kwenye goti. Ukikigonga kwenye kona ya benchi kinalia kwanza sauti kali ya juu inayokuchanganya, na ukizoea hivyo utakiharibu. Mguu wake unauweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, unasikia la wewe peke yako, bila kusumbua anayesoma somo. Kwa wenye do inayohama, la hiyo ni mi kama wimbo uko katika fa, ni re kama uko katika sol, ni so kama uko katika re. Unashuka mpaka do, unawapa sauti zote nne noti zao kwa kuimba mdomo umefungwa, basi.

Asiye nacho anaanzisha wimbo pale koo lake lilipoamkia. Na kwetu, kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, mwezi wa saba asubuhi ni baridi na vumbi halina mwisho, kwa hiyo koo linaamkia chini: ibada ya kwanza baso wanazama, noti za chini haziwatoki. Ibada ya pili watu wamepata moto, wimbo uleule unaanzishwa juu, na tenori wanapiga kelele badala ya kuimba. Kibodi haiponyi jambo hili. Umeme ukikatika imekwisha, na hata ukiwepo, kitufe cha kupandisha sauti kimebaki pale mpigaji wa jana alipokiacha.

Siku mbili tutazitoa kwa maneno, na kama mtu atatuuliza ni siku zipi zisikatwe, ni hizo. Neno la Kiswahili linakaza silabi ya pili kutoka mwisho: BWAna, YEsu, woKOvu. Nyimbo nyingi tulizopokea kutoka Ulaya zinaanza na noti dhaifu na kuishia kwenye noti nzito ndefu. Ukiyabandika maneno bila kuangalia, unapata “bwaNA” na “yeSU”, na mwisho wa kila mstari kwaya inakandamiza silabi ambayo hakuna mtu anayeikandamiza akiongea. Dawa zipo: kuunganisha noti mbili kwa silabi moja, kuilegeza noti ya mwisho hata kama kitabu kinaionyesha nzito, au kubadili mpangilio wa maneno. Kwa Kiluba na Kibemba kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu ni lugha za toni. Muziki ukipanda pale neno linaposhuka, neno linaweza kugeuka maana, na bibi aliyekaa kona atacheka kabla ya mwalimu kujua kwa nini.

Mikono tutaishughulikia mchana, kila siku saa moja. Kosa la karibu kila mtu ni mkono wa kushoto kuiga wa kulia kama kioo, ukakosa kazi yake ya kukuza na kupunguza sauti. Kwa hiyo saa nzima ya kwanza kila mwalimu ataongoza akiwa ameshika daftari kwa mkono wa kushoto. Kosa la pili ni kuhesabu “moja, mbili, tatu” kwa mdomo. Pigo moja la maandalizi, pamoja na pumzi ya mwalimu mwenyewe, linatosha kuwaingiza watu 40.

Sasa pesa. Gharama yote ni dola 2,880, sawa na 60 kwa mtu. Kila mshiriki analipa 20 yake, jumla 960. Zinabaki 1,920. Katika ile 2,880 yote, wakufunzi wanne wanachukua 1,080 kwa siku sita, mboga, samaki, chai na makala (mkaa wa kupikia) kwa watu 55, wapishi wakiwamo, 792, ukumbi na mafuta ya jenereta 360, usafiri wa watu 12 wa Likasi, Kipushi na Kasumbalesa 240, diapazoni 24, moja kwa kila kwaya, 192, karatasi na nakala 96, akiba 120. Unga hatukuuhesabu humo. Gramu 300 za unga wa bukari (ugali) kwa mtu kwa siku, watu 55, siku 6, ni kilo 99, ndiyo maana tunaomba mifuko minne ya kilo 25.

Mchango mpe mweka hazina wa kwaya yako, udai risiti hapohapo. Kitabu kina nakala tatu, moja inabaki kwetu. Dola zisiwe na mchaniko hata mdogo, mnajua sokoni zitarudishwa. Noti za dola moja moja tafadhali zigeuze kuwa franka kwanza. Atakayetoa sombe (majani ya muhogo) mbichi, ailete asubuhi ya siku yenyewe, isilale.

Tutafunga hesabu Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba. Pesa zikipungua, tutaanza kukata jenereta, kisha siku ya sita. Diapazoni hatuzigusi.