Shukrani kwa mzee wa Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Jina sikukuuliza, nilitahayari. Gitaa la marehemu babu, alilopigia nyimbo za Atomic Jazz, bendi ya zamani ya Tanga, barazani, nilikuwa nalitoa kwa shilingi 30,000, ukaomba kulitazama. Ukamulika tunduni kwa tochi ya simu, ukasoma lebo: Gallotone, la Afrika Kusini, kama lile alilojifunzia John Lennon wa Beatles. Ukasema hapo pesa nyingi hakuna, ila usiuze. (Mnunuzi alinuna!) Ubao haukupasuka, daraja tu, kile kibao kinachoshika nyuzi, ndilo lililobanduka. Supaglu ukaikataza kabisa. Ukalegeza nyuzi, ukakwangua gundi kuukuu, ukapaka ya mbao, ukaazima jiriwa kwa seremala, likalala limebanwa hadi kesho yake. Hela ukakataa. Mama alipolisikia aliacha kukuna nazi. Ahsante sana, baba.