Shukrani kwa mchungaji mwanafunzi wa KCMC

Natoa shukrani za dhati kwa mama aliyemhudumia baba yetu alipolazwa hospitali ya KCMC, Moshi. Jina hukutuachia, ulijitambulisha tu kuwa uko mafunzoni, kozi ya uchungaji wa hospitali.

Sisi ni Waislamu, nawe una kola ya kichungaji, kwa hiyo tulikaa kimya ulipofika kitandani. Ukamwamkia, "Shikamoo mzee," ukavuta kiti hadi macho yenu yakawa usawa mmoja. Hukufungua kitabu. Ulimuuliza usiku umekuwaje, ukanyamaza. Baba, ambaye kwetu alikuwa akijibu "nzuri tu", akakwambia anaogopa kukatwa mguu, na kwamba anaona uchungu kuswali amelala. Ukamuuliza kama angependa shehe aje kumwona. Shehe akaja siku hiyo hiyo, akamweleza kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kuswali hata kwa ishara. Baba alilia, na sisi tukalia.

Baadaye nilisoma kwamba mafunzo haya yalianza Marekani mwaka 1925 na Anton Boisen, mchungaji aliyewahi kulazwa mwenyewe kwa ugonjwa wa akili. Mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mgonjwa, kisha wenzake na msimamizi wanayachambua: wapi alisikiliza, wapi aliharakisha kufariji. Nikaelewa ule utulivu wako, mama. Ni kazi iliyosomewa, na wodi zetu zote zinaihitaji.

Baba yuko nyumbani. Anayemfahamu mama huyu amfikishie salamu zetu, tafadhali.